Uzi: Sauti ya marehemu baba kwenye kaseti imekuwa nyembamba na ya haraka. Nipunguze spidi au nishushe pichi?

#1 MtunzaKanda

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa mwenye ujuzi na programu za sauti.

Marehemu baba alikuwa mtu wa mashairi. Katuachia kaseti moja ya dakika 60, alijirekodi mwenyewe nyumbani akighani tungo zake. Redio yetu ya kaseti ilishakufa siku nyingi, nikampelekea mtu mwenye vifaa anihamishie kwenye kompyuta. Nimepewa faili mbili za WAV, upande A na upande B. Upande A una dakika 27 na sekunde 45.

Sasa wakuu, anayesikika humo si baba. Maneno ni yake, vina ni vyake, ila sauti ni nyembamba kama ya kijana na anakimbia. Baba alikuwa na sauti nzito. Akimaliza mshororo alikuwa ananyamaza kidogo, ndipo anaingia unaofuata. Humu hakuna kunyamaza.

Nimefungua kwa VLC nikapunguza spidi mpaka 0.9. Mwendo ukakaa sawa, lakini sauti ikabaki nyembamba vilevile. Nikaenda Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, nikatumia Change Pitch na kushusha semitoni (hatua ndogo za noti za muziki) moja na nusu kwa kukisia kwa sikio. Uzito ukarudi, lakini bado anakimbia. Nikapunguza mwendo juu ya hiyo, nikaona nimezidisha, nikaongeza, nikashusha pichi tena. Mwisho sauti ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

Nimekosea wapi?

#2 BiSauti

Pole sana mkuu, hazina hiyo haina bei. Kwa uelewa wangu, rudi kwenye faili la mwanzo, fanya Change Tempo ipungue asilimia 8 au 9, kisha Change Pitch ishuke semitoni moja na nusu, basi. Ila usirudierudie, kila ukipitisha ndivyo sauti inavyochakaa.

#3 FundiMawimbi

MtunzaKanda, pole na msiba, na nashukuru umesema hizo faili ni WAV, maana hazibani sauti. Kabla hujagusa kitu kingine, weka nakala mbili za faili la mwanzo mahali tofauti na usizifungue kabisa. Kazi zote fanya kwenye nakala ya tatu.

Dada BiSauti yuko sawa kuhusu kurudia, ila njia aliyotoa ningeiacha. Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi tunapoumiza sauti za watu.

Kwenye kanda, spidi na pichi ni kitu kimoja. Pichi namaanisha ule ujuu na uchini wa sauti, wanaisimu wanauita kidatu. Kanda ikienda haraka, mawimbi yanapita mbele ya hedi (kile kisomeo cha kanda) kwa kasi zaidi, kwa hiyo mitetemo kwa sekunde inaongezeka na sauti inapanda. Ikienda polepole, sauti inashuka. Huwezi kupata kimoja bila kingine. Santuri nazo ni hivyo hivyo: ile ya mizunguko 33 na theluthi moja ukiipiga kwenye 45, wimbo unakwenda mara 1.35 na unapanda semitoni 5 na kidogo.

Kompyuta ndiyo iliyovitenganisha. Ukipunguza spidi kwenye VLC, programu inakata sauti vipande vidogo sana, vya makumi machache ya milisekunde, halafu inavipanga upya kwa kuvilaza kimoja juu ya ncha ya mwenzake. Ukitaka haraka, baadhi inavitupa. Ukitaka polepole, baadhi inavirudia. Ndani ya kila kipande wimbi halijaguswa, ndiyo maana sauti ya baba ilibaki nyembamba ulipoweka 0.9. VLC ilifanya ilichoagizwa.

Change Pitch inapita njia hiyo hiyo kwa kugeuza: inabadilisha mwendo wa wimbi lenyewe, kisha inakata na kupanga vipande ili urefu wa rekodi urudi ulivyokuwa. Uzito ukapata, mwendo ukabaki wa mbio.

Kwa hiyo kila jaribio lako limesahihisha nusu ya tatizo, na kila mara vipande vimekatwa upya. Mara nne au tano za kukatakata, ndilo hilo pipa unalolisikia.

Sasa angalia kosa lenyewe. Sauti imepanda NA mwendo umeongezeka, vyote kwa pamoja. Hiyo ni dalili kwamba rekodi nzima imeharakishwa kama kanda. Kilichoharibika kwa pamoja kirudishwe kwa pamoja. Kwenye Audacity kuna Change Speed, matoleo ya karibuni yanaiita Change Speed and Pitch. Hiyo haikati vipande. Inalivuta wimbi zima kwa uwiano mmoja, basi.

Kitu ambacho hatuna ni huo uwiano. Sitaki ukisie. Sikiliza rekodi yote kwa visikilizio vya masikioni, unitajie kila kinachosikika nyuma ya baba: saa ya ukutani, mvumo wa umeme, redio, kinanda, chochote.

#4 Mwanafunzi_wa_Usiku

Samahani kuingilia uzi. Mimi nasikiliza mihadhara iliyorekodiwa kwa spidi ya 2. Kumbe pichi haibadiliki kwa sababu ya hivyo vipande? Na je, kuna ubaya?

#5 FundiMawimbi

Ndiyo, ni hivyo hivyo, hata kwenye YouTube. Maneno yanavumilia sana kuharakishwa kwa sababu irabu ni ndefu na zinajirudia, kipande kikitupwa hukosi neno. Konsonanti ndizo zinazoumia. P, t na k ni mipasuko mifupi sana, kwenye spidi kubwa inaliwa.

Piga hesabu uone kama 2 inakulipa. Mhadhara wa dakika 90 kwa 1.25 unakuwa dakika 72. Kwa 1.5 unakuwa 60. Kwa 2 unakuwa 45. Kutoka 1 kwenda 1.5 umeokoa dakika 30, kutoka 1.5 kwenda 2 unaokoa 15 tu, na hapo ndipo unapoanza kurudisha nyuma kwa sababu hukushika neno. Mimi hubaki 1.5.

#6 Kinanda88

Na mimi nina langu. Nafundisha kwaya. Kuna nyimbo tunazijifunza kutoka kwenye rekodi, waimbaji wangu wa sauti ya kwanza hawafiki juu. Nataka nishushe kii, yaani ujuu wa wimbo mzima, semitoni mbili, mwendo ubaki ule ule, wafanyie mazoezi nyumbani. Watu wengi wanatumia VLC, je, inawezekana humo?

Pia nimeona hapo juu watu wanaongelea asilimia. Niwatahadharishe, nilishapoteza jioni nzima kwa hili: ukiongeza asilimia 10 kisha ukapunguza asilimia 10 hurudi ulipotoka. 100 inakuwa 110, na asilimia 10 ya 110 ni 11, unabaki na 99. Kwenye urefu wa wimbo huenda usisikie, ila ukitaka kuupanga na wimbo mwingine sambamba, unaachwa.

#7 FundiMawimbi

Kinanda88, asante kwa hilo, tutalihitaji kwa MtunzaKanda.

VLC inawezekana kuanzia toleo la 3. Bonyeza Ctrl na E, utafungukiwa dirisha la Effects and Filters. Kwenye Audio Effects nenda Advanced, utakuta kitelezi cha Adjust pitch. Kinahesabu kwa semitoni, kutoka 12 chini mpaka 12 juu. Weka -2. Hapo VLC haigusi faili, inabadilisha wakati wa kupiga tu, kwa hiyo kila mwimbaji afanye kwenye mashine yake.

Semitoni moja ni kuzidisha mitetemo kwa 1.0595 hivi. Ukizidisha mara 12 unapata 2 kamili, ndiyo oktava. Semitoni mbili ni kama asilimia 11 chini, ala nyingi zinavumilia. Ukifika nne au tano utasikia mambo mawili. Kwanza ngoma na makofi yanalegea, kwa sababu pigo la ngoma ni fupi kuliko kipande, kikirudiwa unasikia pigo na kivuli chake. Pili, waimbaji wanakuwa majitu.

Hilo la majitu lina sababu. Sauti ya mtu ina vitu viwili: mtetemo wa nyuzi za kooni, na umbo la koo na kinywa linalokuza masafa fulani. Masafa hayo yaliyokuzwa huitwa fomanti, ndiyo yanayomfanya mtoto asikike mtoto na mtu mzima asikike mtu mzima. Mwimbaji akishuka noti mbili, nyuzi zinalegea lakini kinywa chake hakikui. Programu ikishusha kila kitu, imemkuzia kinywa pia. Ukiwa na programu inayotumia Rubber Band, ambayo ni zana ya kubadilisha spidi na pichi, ina chaguo la kuziacha fomanti mahali pake. Kwa rekodi yenye sauti za watu peke yake bila ala, tofauti ni kubwa mno.

#8 BiSauti

Hapo kwenye kinywa nimeelewa kitu ambacho nilikuwa nakisikia miaka yote nisijue kinaitwaje. Ndiyo maana kwa baba yake MtunzaKanda njia yangu haifai? Maana kanda ikikimbia, fomanti nazo zimepanda.

#9 FundiMawimbi

Ndivyo, dada. Zimepanda pamoja na pichi, kwa uwiano ule ule. Ukirudisha spidi nzima, kinywa chake nacho kinarudi ukubwa wake.

#10 MtunzaKanda

Wakuu nimerudi. Nimesikiliza upande A wote usiku huu, taa nimezima.

Mvumo wa umeme siusikii, nadhani alirekodi kwa betri. Saa ya ukutani hatukuwa nayo. Lakini kwenye dakika ya 11 kuna redio kwa mbali. Baba anaghani, na nyuma yake zinalia zile pii sita za BBC kabla ya habari, halafu baba anasimama, anangoja ziishe, anaendelea. Nilikuwa nimeshazisikia mara kumi bila kuzijali.

Zinasaidia?

#11 FundiMawimbi

Mkuu, zinasaidia kuliko chochote ulichoweza kukipata. Umepata rula ndani ya rekodi.

Hizo pii BBC wanazirusha tangu 1924. Ni mlio wa hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde. Zinaachana sekunde moja moja: tano fupi, na ya sita, ndefu kidogo, ndiyo saa kamili. Kutoka mwanzo wa ya kwanza mpaka mwanzo wa ya sita ni sekunde 5 kamili.

Fanya hivi. Fungua nakala ya faili lile la mwanzo kwenye Audacity. Kuza wimbi mpaka uone pii ya kwanza inapoanza. Buruta kipanya kuanzia hapo mpaka pii ya sita inapoanza, si inapoishia. Soma urefu wa ulichochagua, chini ya dirisha. Uniandikie mpaka tarakimu mbili baada ya nukta.

Kisha chagua pii ya sita peke yake, nenda Analyze, Plot Spectrum, weka Size 16384. Utaona mlima mmoja mrefu. Peleka mshale kileleni, usome namba ya Peak.

Vipimo viwili, kimoja cha muda na kimoja cha pichi. Vikikubaliana, hatukisii tena.

#12 Kinanda88

Na kama mtu hana pii za redio?

#13 FundiMawimbi

Mvumo wa umeme ni wa pili kwa uzuri: hezi 50 au 60 kulingana na nchi, na mara nyingi unaonekana zaidi kwenye 100 au 120. Tatizo lake ni kwamba mvumo unaweza kuwa umeingia wakati wa kuhamisha, si wakati wa kurekodi. Ukiona milima miwili iliyokaribiana, mmoja ni wa kale na mmoja ni wa mashine ya juzi, wa kale ndio unaoutaka. Ala ambayo noti yake ya A ni hezi 440 nayo inafaa, ila kinanda cha nyumbani huwa kimeshuka. Kanda kubwa za gurudumu mara nyingi ni rahisi, spidi zake zinazidiana mara mbili kamili, kwa hiyo kosa linakuwa oktava nzima na unalijua papo hapo.

#14 MtunzaKanda

Nimepima mara tatu. Muda ni sekunde 4.60. Kilele ni hezi 1087.

#15 FundiMawimbi

Gawanya 5 kwa 4.60, unapata 1.087. Gawanya 1087 kwa 1000, unapata 1.087. Vimekubaliana.

Sasa mkuu, hiyo namba inanisimulia jambo jingine. Bofya faili lako kulia, tazama taarifa zake, utakuta limeandikwa sampuli 48000 kwa sekunde, yaani vipimo vya wimbi ambavyo kompyuta inavihifadhi. Nina uhakika karibu wote. Maana 48000 ukigawanya kwa 44100 unapata 1.0884.

Kaseti ya baba yako haina kosa. Redio yenu haikuwa na kosa. Aliyekuhamishia, mashine yake ilichukua sampuli 44100 kila sekunde, lakini faili likaandikwa kwamba ni 48000. Kwa hiyo kompyuta yako inapiga sampuli 48000 kila sekunde wakati zilizopaswa kupita ni 44100. Angalia na urefu: ulisema dakika 27 na sekunde 45. Zidisha kwa 1.0884, unapata dakika 30 na sekunde 12. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ni dakika 30 na ushee. Ilikuwa imeandikwa kwenye ujumbe wako wa kwanza na mimi sikuiona.

Na sikio lako lilikuwa sahihi. Ulikisia semitoni moja na nusu. Hesabu inatoa 1.47.

Hii inabadilisha dawa. Hata Change Speed usiitumie, ingawa ingefanya kazi ukiweka 0.91875. Kumbuka aliyosema Kinanda88: faili limeharakishwa asilimia 8.84, lakini ili kulirudisha unapunguza asilimia 8.125. Change Speed inakokotoa kila sampuli upya. Wewe huna haja ya kukokotoa chochote. Sampuli zote za baba zipo salama, lebo tu ndiyo ya uongo.

Funguo ni hii: kwenye Audacity, bonyeza menyu ndogo iliyo pembeni ya jina la wimbo, nenda Rate, badilisha 48000 iwe 44100. Usiguse kingine. Piga usikilize. Unapotoa faili, chagua WAV na 44100 pia, vinginevyo programu itakokotoa upya kuzipeleka 48000.

#16 BiSauti

Nangoja jibu kwa hamu kubwa.

#17 Mwanafunzi_wa_Usiku

Na mimi. Hata kulala sijalala.

#18 MtunzaKanda

Ilikuwa 48000 kweli.

Nimebadilisha, nikabonyeza kupiga. Neno la kwanza tu nikajua. Ni baba. Ule uzito wote, na ananyamaza mwisho wa mshororo kama alivyokuwa ananyamaza. Kuna beti nilikuwa nadhani ameikosea mizani, kumbe hakukosea, ni mbio zilikuwa zinameza silabi. Na ana kikohozi kidogo kati ya ubeti wa tatu na wa nne ambacho nilikisahau kabisa mpaka nilipokisikia.

Nimepima pii tena. Sekunde 5.01, hezi 999.

FundiMawimbi, sina cha kukulipa. Mungu akuzidishie. BiSauti, Kinanda88, asanteni.

Upande B hauna redio. Nifanyeje?

#19 FundiMawimbi

Hiyo hezi moja iliyopungua ni ya kaseti yenyewe, iache. Mashine za kaseti zinapishana hata asilimia moja au mbili, hiyo ya kwenu ilikuwa mashine nzuri sana.

Upande B umehamishwa siku moja na mashine moja, kosa ni lile lile. Badilisha Rate vilevile, ukague na urefu. Kama una faili nyingine kutoka kwa mtu huyo huyo, tumia FFmpeg, programu ya kuandikiwa amri, mstari mmoja kwa kila faili:

ffmpeg -i upandeB.wav -af asetrate=44100 upandeB_sahihi.wav

Na umjulishe aliyekuhamishia, kwa upole. Huenda kuna familia nyingine zimechukua kanda za wazee wao kwake na zinadhani redio zao ndizo zilizoharibu.

#20 MtunzaKanda

Nimempigia, ameshukuru, anakagua kazi zake za nyuma.

Upande B umekubali. Ulikuwa dakika 27 na sekunde 42, sasa ni 30 na sekunde 9. Mwishoni kabisa, kabla kitufe hakijagonga, kuna mlio mwembamba niliokuwa nauhesabu ni mkwaruzo wa kanda. Leo nimempigia mama rekodi hiyo asikilize na yeye. Akaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha. Akasema huyo ni mimi, nilikuwa nacheka.